Tunauliza aliyechinja, hatuulizi aliyelima

WAISLAMU wa Kanda ya Ziwa tuna sifa moja ambayo hata jirani zetu wasiokuwa Waislamu wanatujua nayo. Hatuli nyama mpaka tujue nani kachinja. Mtu akialikwa harusini Misungwi au Magu, kabla hajanawa mikono huuliza hilo kwanza, na mwenyeji mstaarabu huwa amekwisha kulitayarishia jibu. Ni swali la haki, lina dalili zake katika Qur'an na Sunna, wala siandiki ili kulipunguza. Mwaka 2013 jambo hili la uchinjaji lilileta mtafaruku mkubwa katika kanda yetu, na kule Buseresere, mkoani Geita, mtu aliuawa. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba watu wa huku tunalichukulia kwa wepesi suala la kinachoingia kwenye chungu.

Lakini ndugu msomaji, hebu iondoe nyama kwenye sinia. Kinachobaki ni wali, viazi vitamu, mihogo, mchicha, nyanya, vitunguu na dagaa. Nyama wengi wetu tunaila Ijumaa, au Idi, au akija mgeni. Hivi vingine tunavila asubuhi na jioni mwaka mzima, na juu yake hatuulizi lolote. Nani kalima? Kamuuzia nani? Kapimiwa kwa kipimo gani? Kwa kuwa kiazi hakichinjwi, tumekitia katika fungu la halali na mjadala tukaufunga. Mimi naona tumeufunga mapema.

Ninafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza. Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya halali na haramu huwaeleza wanafunzi kwamba wanazuoni wameigawa haramu mafungu mawili. Kuna kilicho haramu chenyewe, kama nguruwe na mzoga. Na kuna kilicho halali chenyewe lakini njia ya kukipata ndiyo iliyokiharibu. Mbuzi wa wizi, hata achinjwe kwa kisu kikali na Bismillahi iliyonyooka, aliyemwiba anakula haramu. Vijana hulielewa hili haraka. Kazi inaanza kwenye lile eneo lililo kati ya wizi wa dhahiri na biashara iliyo safi kabisa, kwa sababu eneo hilo ndilo soko letu. Na Allah (SW) alipowaamrisha watu katika Sura ya pili, aya ya 168, wale katika vilivyomo ardhini, hakutaja halali peke yake. Aliambatanisha nayo twayyib, kilicho kizuri na safi. Neno hilo la pili tumelifanya kama pambo la neno la kwanza.

Tuanze na misimu, maana chungu cha Mwanza kinaongozwa na misimu hata kama mpishi hana habari nayo. Mvua za vuli zikinyesha, mchicha, mgagani na majani ya kunde hujaa kila pembe ya soko. Novemba na Desemba ni maembe, mpaka watoto wanayapigia mpira. Mpunga wa majaruba ya Magu, Misungwi na Sengerema huvunwa kuanzia Mei, na viazi vitamu hufukuliwa kwenye matuta karibu na wakati huo huo. Kisha kinakuja kiangazi, na hapo Wasukuma hawakulala. Viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa huwa michembe. Vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa huwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa ni nsansa. Bibi zetu walikuwa na friji isiyotaka umeme, na faida yake haikuwa tumboni tu. Mwenye michembe ndani hakulazimika kuuza viazi vyake vyote siku ile ambayo kila mtu anauza viazi. Naomba msomaji alishike hilo, tutalihitaji mbele.

Ziwa nalo lina majira yake, na haya humpendeza Mwislamu akiyafahamu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwani mwanga ndio unaowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu taa zinapoteza nguvu na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni sunna kuzifunga, ndizo siku ambazo ukisimama ufukweni Kirumba usiku ukatazama maji, huuoni ule mji wa taa. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hajapata kusikia Safar wala Rajab anaufuata mwezi kwa karibu kuliko mwalimu wa dini mwenye kalenda ya ukutani. Na mama anayejua hayo, akiambiwa pale Mwaloni kwamba dagaa hawa ni wa jana na hali mwezi umejaa angani, anajua la kuuliza.

Hata Ramadhani inazunguka katika misimu hii. Ile ya mwaka 2000 ilikuwa mwishoni mwa Novemba na Desemba, wakati wa maembe. Ile ya 2015 ilikuwa Juni na Julai, mchele mpya na viazi vimejaa. Ile ya 2025 ilikuwa Machi, mvua zinanyesha na viazi vingi bado viko ardhini. Hata hivyo sisi tunataka futari ile ile kila mwaka: viazi, magimbi, mihogo, tambi. Vikiadimika tunapanda mimbari kuwalaani wafanyabiashara. Wapo wanaostahili kulaaniwa, wale wanaoficha chakula wakisubiri mwezi uandame, na Mtume (SAW) aliwaita wenye kuhodhi kuwa ni wakosaji. Lakini hakuna aya inayosema futari ni lazima iwe na kiazi. Uji wa mtama, mchicha na dagaa vinafuturisha.

Sasa hapa ndipo penye swali lenyewe. Madaktari na wataalamu wa lishe wanatuhimiza tule vya msimu, vinavyotoka karibu, kwa sababu ni vibichi, vina nguvu na ni rahisi. Sina ugomvi nao. Lakini kile ambacho kwa mlaji ni rehema, kwa mkulima mara nyingi ni mtihani. Siku nyanya zake zinapoiva ndiyo siku nyanya za jirani zake wote zimeiva. Hazisubiri. Ana deni la mbegu na dawa, watoto wanataka sare, na mvua ikinyesha siku mbili zaidi shamba zima litaoza. Uwezo wake wa kuikataa bei mbaya siku hiyo ni mdogo kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Basi huo urahisi tunaoufurahia sokoni una wazazi wawili. Mmoja ni wingi aliouleta Allah (SW). Wa pili ni unyonge wa aliyeuza. Katika fungu la nyanya la shilingi elfu moja wamechanganyika hao wawili, na mtu anayeijali dini yake anatakiwa ajaribu kuwatenganisha.

Mtume (SAW) aliwatenganisha, na hukumu zake zimo katika milango ya biashara ya Bukhari na Muslim. Alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuupokea msafara wa chakula njiani na kuununua kabla haujafika sokoni. Sababu iko wazi: mwenye mali hajaijua bei. Katika mapokeo ya Muslim kuna nyongeza, kwamba aliyenunuliwa njiani akifika sokoni ana hiari, yaani akiona kapunjwa anaweza kuuvunja mkataba. Alikataza pia mtu wa mjini kumuuzia mtu wa shamba, na Ibn Abbas (RA) alipoulizwa maana yake akajibu kwamba asiwe dalali wake. Waislamu wangapi wa Mwanza wamewahi kuzisikia hadithi hizi katika khutba ya Ijumaa? Za kuchinja tumezisikia.

Njoo nami Usagara, njia panda ambapo barabara ya Shinyanga inakutana na ile itokayo Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi msafara wa upande ule ulikuwa ukisimama kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo. Gari la mzigo limesimama, mwenye mali amechoka, hajui leo mjini nyanya zinauzwa kiasi gani, na pembeni yake amesimama mtu mwenye fedha taslimu. Ni hadithi ya Madina, isipokuwa ngamia amegeuka Fuso. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 msafara ukaacha kulala ng'ambo, na hilo ni jambo la kumshukuru Allah. Lakini anayetaka kuupokea msafara hahitaji foleni tena. Ana pikipiki na simu, anaufuata mpaka kwenye tuta.

Halafu kuna lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kichwa juu na kujazwa tena. Sheria ya vipimo hairuhusu, kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akilipigia kelele kwa miaka. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Gunia hilo likifika mjini linafunguliwa na kuuzwa kwa debe, kwa sado, kwa fungu, na pengine sado yenyewe imegongwa kitako kwa nyundo mpaka ikaingia ndani. Hebu isome upya Sura ya 83, Al-Mutaffifin. Anayetishwa pale ni mtu mwenye vipimo viwili: akijipimia kwa watu anataka kijae, akiwapimia watu anakipunguza. Nimesoma tafsiri kadhaa za aya zile nikiwa chuoni. Hakuna iliyonifahamisha kama kuona gunia la lumbesa na kopo lililobonyea vikiwa vya mtu mmoja, kwenye kibanda kimoja.

Dagaa nao wana lumbesa yao, ambayo ni mchanga. Dagaa wakianikwa juu ya mchanga hushikamana nao, na si kila muuzaji ana haraka ya kuupepeta, maana mchanga una uzito. Msomaji anakumbuka kisa cha Mtume (SAW) kuingiza mkono katika rundo la nafaka na vidole vikatoka na unyevu, na maneno makali aliyomwambia mwenye rundo. Ndiyo maana dagaa wa kwenye vichanja ninawanunua hata wakiwa na bei zaidi.

Baada ya kipindi cha mada hizi mwaka jana, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki darasani wenzake walipotoka. Akasema, "Ustaadh, baba yangu ni dalali wa nyanya na viazi. Kwa hiyo tunachokula nyumbani ni haramu?"

Msomaji aelewe kwamba swali kama hili halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Nilimweleza kwamba Bukhari mwenyewe ametaja wanazuoni wa mwanzo, akina Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan, kwamba hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Nikamweleza kwamba upande wa Abu Hanifa wanaliona katazo lile linahusu pale udalali unapowadhuru watu wa mji katika mahitaji yao. Dalali anayefanya kazi kwa ujira unaojulikana na anayemwambia aliyemtuma bei ya kweli, huyo anakula jasho lake. Kilichokatazwa ni kuitumia kutojua kwa mtu kama mtaji. Nikamwomba amuulize baba yake swali moja: mkulima akikuuliza leo Mwanza nyanya bei gani, unamwambia ile unayoijua?

Siku mbili baadaye kijana akaniletea jibu, na nakiri liliniongezea heshima kwa mzazi yule. "Baba kasema huwa hamwambii. Na kasema nikwambie uje sokoni saa kumi usiku."

Nilikwenda. Nilimkuta mama mmoja kutoka Misungwi amelala juu ya matenga yake ya nyanya, amejifunika kanga mbili, mkoba ameuweka tumboni chini ya nguo. Amelipa nauli ya mzigo, amelipa ushuru, amelipa wabebaji. Nyanya za chini zimeanza kutoa maji. Jua la saa tano likimkuta pale na matenga yake atayarudisha nyumbani kama taka, au atayaacha. Mzee wa kijana wangu alimlipa matenga yote matano palepale kwa fedha taslimu, na kabla ya Alfajiri yule mama alikuwa kwenye gari la kurudi. Je, mimi mlaji ningemnunulia tenga zima? Nataka fungu moja, tena nachagua. Lazima awepo mtu wa kulivunja tenga kuwa mafungu, asimame nalo juani mpaka jioni, na hiyo ni kazi.

"Ustaadh," aliniambia tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi, "zitakazooza hapa saa nane ni za yule mama au ni zangu?" Zake. Na kanuni ya fiqhi inasema hivyo hivyo, kwamba faida inafuatana na dhamana. Anayebeba hasara ndiye mwenye haki ya pato. Nikamwambia namkubalia faida, hata iwe nono. Asichonishawishi ni kwa nini lazima yule mama adanganywe. Angeweza kumwambia bei ya mjini ni hii, mimi nakupa hii, na tofauti ni ya kuoza na ya jua. Alicheka. Akasema siku atakayofanya hivyo peke yake, dalali wa pili atamwambia mama uongo mtamu zaidi na matenga yatahamia kule. Kisha akaongeza neno ambalo bado linanikaa: "Nyie wanunuzi mnapenda kutusomea hadithi. Mama anashuka kwenye gari lake, ananunua fungu la elfu, anachukua nyanya tatu juu yake bila kuuliza, anasema nyongeza. Hizo tatu za nani?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kuona dhuluma ya sokoni kama ugomvi wa mkulima na dalali, na sisi walaji ni watazamaji. Si kweli. Mnyororo wote ule unavutwa na mkono unaonunua fungu. Mtume (SAW) alimwombea rehema mtu aliye mlaini anapouza, anaponunua na anapodai chake. Mnunuzi yumo katika dua hiyo, kwa hiyo yumo katika hesabu yake pia.

Mwanza ilikwisha kupata somo la nguvu ya mlaji, ila somo lilikuja kutoka mbali. Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, wakawamaliza furu wa aina nyingi ambao babu zetu walikuwa wakiwala, na kufika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni. Minofu ikapanda ndege. Kilichobaki, vichwa na mifupa tuliyoiita mapanki, ndicho kilichokaangwa na kuliwa na wengi hapa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili baada ya habari za uvuvi wa sumu, na shughuli za viwanda zikayumba. Mlaji wa mbali aliuliza, na ziwa zima likatikisika. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, akatoa filamu yake Darwin's Nightmare iliyopigwa hapa Mwanza, akimwonyesha mlaji wa Ulaya mapanki yaliyo nyuma ya mnofu wake. Filamu ile ilituudhi wengi. Ilidokeza mambo ya ndege na silaha, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba inaichafua nchi. Ina kasoro zake na sitaitetea. Lakini swali lililokuwa katikati yake, kwamba je, unajua aliyebaki nyuma ya sahani yako amekula nini, ni swali la kidini kabisa, na lilimfaa Mzungu wa Paris kama linavyomfaa Mwislamu wa Nyamagana. Yule mama wa Misungwi, aliporudi nyumbani asubuhi ile, alipika nini?

Wapo watakaosema hii ni kazi ya Serikali, ipange bei. Wasisahau kwamba watu wa Madina walimwomba Mtume (SAW) apange bei zilipopanda, naye akakataa, akihofia kukutana na Mola wake hali kuna anayemdai dhuluma katika mali au damu. Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba anaeleza kwamba bei ikipandishwa kwa hila za watu, mtawala anaweza kuingilia. Mimi sioni mtawala wa kumwekea bei mama wa fungu pale Igoma, na simwombi aje. Mtawala asimamie mizani. Hilo limo ndani ya uwezo wake, na lumbesa ingekwisha siku anayoamua.

Sisi walaji kuna mlango mwingine ambao Sharia imetuachia wazi nao umeota kutu. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia mazao mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwaambia anayefanya hivyo, afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam. Msomaji asiichanganye na ile ya ng'ambo ya ziwa, Kagera, wanayoiita butura, ambapo mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kumfedhehesha. Butura inagongana na katazo la kuuza tunda kabla halijaonyesha uzima wake, kwa sababu Allah akilizuia tunda lile, mnunuzi atakuwa amelipia nini? Katika salam hununui mti wala jaruba fulani. Unalipa fedha yote leo, na mkulima anadaiwa kilo kadhaa za mchele wa sifa fulani tarehe fulani, autoe kwake au kwa jirani. Fedha inamfikia wakati wa kupalilia, wakati ambao ndio anaouza ujana wa mazao yake kwa wenye mikopo ya kukausha damu.

Kaya tisa tunaoswali Alfajiri pamoja tumelijaribu mwaka huu. Tulimlipa mkulima mmoja wa Misungwi mwezi Februari: magunia kumi ya mchele, kila moja kilo 100 kwa mizani na bila kichwa, kukabidhiwa mwisho wa Julai. Imeandikwa na ina mashahidi wawili. Akina mama wa kaya zetu wameongeza lao, kwamba tukienda kuchukua mchele tununue na viazi vyake vya Julai, tulipe kwa kilo, nao waanike michembe ya kungojea Ramadhani. Wawili kati yao walikuwa hawajawahi kuianika, wakafundishwa na bibi mmoja wa Kisesa ambaye aliona ajabu kwamba jambo hilo linahitaji mwalimu.

Ugomvi haukuchelewa. Mkulima wetu alipotia dole gumba kwenye karatasi aliuliza: bei ikipanda sana Julai, mtaniongeza? Kifiqhi jibu ni hapana. Bei ya salam imekwisha kulipwa na mkataba umetimia, na bei ikishuka yeye hatarudisha kitu. Mzee mmoja katika sisi anashikilia hapo na dalili anazo. Mke wangu na wengine wanasema wajibu umeishia hapo, lakini hakuna aliyezuia ihsani, na kwamba gunia likifika bei ya kutisha hataweza kuupika mchele ule huku anajua. Mzee anamjibu kwamba ihsani ikiahidiwa mapema inageuka sharti, na sharti hilo linaharibu mkataba. Wote wawili wana hoja. Tumekaa vikao viwili, na cha tatu ni Jumapili hii baada ya Laasiri. Safari hii mkulima mwenyewe ameitwa.